Maji na Pini: Bunduki katika Historia ya Umwera

Katika nchi ya Umwera, upande ambao leo ziko wilaya za Nachingwea na Ruangwa, bunduki ilimtangulia Mjerumani. Ilipanda bara na misafara ya Kilwa na Lindi, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na kwa watu pia. Bunduki yenyewe ilikuwa gumegume, ndiyo mama wa gobori. Baruti na risasi hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Ubavuni mna kisahani kidogo chenye chembe za baruti. Mtambo ukifyatuka, jiwe hupiga chuma, cheche ikaangukia kisahanini, na moto ukapenya ndani. Baadaye zikaja bunduki za fataki, ambazo hazina haja ya jiwe, lakini wengi wa wawindaji wa Kimwera na Kingindo walibakia na mtambo wa kale.

Kubakia huko hakukuwa kwa bahati tu. Visiwani, biashara ya silaha ilitiwa mkono mapema: mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani, uliotiwa saini Maskati mwaka 1833, uliwapa wafanyabiashara wao uhuru mkubwa, isipokuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo kisiwani Unguja ziliweza kuuzwa kwa serikali peke yake. Kisha ikaja Sheria ya Brussels ya mwaka 1890. Madola yaliyokutana kule yalisema yanapiga vita utumwa, na hilo ni kweli kwa kiasi chake. Lakini katika sheria hiyo hiyo walichora mstari kutoka digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka pwani, wakazuia bunduki mpya zisiingie humo ila kwa mikono ya serikali. Kilichoweza kuruhusiwa kwa wengine ni bunduki ya jiwe, isiyo na michirizo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Yaani Mwafrika akitaka silaha, aachiwe ile ambayo Ulaya yenyewe ilikwisha kuitupa.

Askari wa Kijerumani walikuja na kitu kingine. Mauser ya mwaka 1871, ambayo ndiyo waliyokuwa nayo wengi wao, ililishwa kwa nyuma. Risasi, baruti na fataki vilikuwa kitu kimoja, vimefungwa ndani ya ganda la shaba. Ndani ya komeo la bunduki mlikuwa na kijiti chembamba cha chuma, ndicho pini, kinachosukumwa na springi. Kikitoka mbele kwa urefu mdogo kabisa hugonga fataki iliyo katika kitako cha ganda, na basi. Hakuna kisahani. Hakuna cheche inayoonekana. Mvua na umande havina pa kuingilia.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo waandishi wengi wa historia ya Maji Maji wamelipita haraka. Inajulikana kwamba dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilikuwa maji, na kwamba ahadi yake ilikuwa risasi za Wadachi zigeuke maji. Asili ya dawa hiyo imo katika dini ya wenyeji, katika mizimu ya mito na dawa za kulinda mashamba, na hayo yameelezwa vizuri na wanazuoni. Lakini mtu aliyelelewa na gumegume alikuwa na ushahidi mwingine mkononi mwake: maji kwa hakika huishinda bunduki. Baruti ikilowa, haiwaki. Kila mwindaji wa Umwera alipata kuliona jambo hilo katika masika, ndovu amesimama mbele yake na mtambo umelia kavu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuwa maji yatazinyamazisha bunduki za boma, si haki kumwita mjinga. Alikisia bunduki asiyoijua kwa ile aliyoijua, na kile kijiti cha chuma kilikuwa ndani, hakionekani.

Vita vilianza Umatumbi Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, mapema sana, lakini maji yalikwisha kuchukuliwa na wajumbe. Mwezi huo huo boma la Liwale liliteketezwa. Misheni za Wabenedikto za Nyangao na Lukuledi zikachomwa, na ile ya Waanglikana ya Masasi pia. Tarehe 30 Agosti, mbele ya boma la Mahenge, maelfu walikwenda kifua wazi mbele ya bunduki mbili za mzinga za Maxim. Yaliyofuata yalikuwa ni kuchomwa kwa vijiji na maghala, na njaa. Serikali ya Kijerumani ilikisia wafu 75,000, G. C. K. Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000. Ungindo, jirani wa magharibi wa Umwera, palibaki pori.

Lindi ilitoa mshairi wa vita hivyo, Abdul Karim bin Jamaliddini, ambaye utenzi wake ulichapishwa tena mwaka 1957. Aliutazama mambo kwa jicho la mtu wa pwani, aliyeona miji yake ikitishwa, na msomaji wa leo hana budi kulikumbuka hilo. Ebrahim Hussein naye, katika tamthilia yake ya 1969, aliyatazama maji kwa jicho la taifa jipya.

Mwaka ambao tamthilia hiyo ilitoka, kule Nachingwea pini zilikuwa zikigonga kila siku. Mashamba ya karanga ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kufa tangu 1951, na kambi ya FRELIMO ilikuwapo tangu katikati ya miaka ya 1960, ikiongozwa baadaye na Samora Machel. Wamakonde, Wamakua na wengine kutoka ng'ambo ya Ruvuma walijifunza hapo kuifungua bunduki kipande kwa kipande, kuisafisha na kuirudisha, hata ile sehemu iliyofichika wakaijua kwa vidole. Mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake lilipata mafunzo hapo, na miongoni mwao alikuwamo Josina, aliyekuja kuwa mkewe Samora na kufariki Dar es Salaam mwaka 1971.

Kambi hiyo ina kurasa zake nyeusi pia. Mwaka 1975 wapinzani wa uongozi, akiwamo Uria Simango, waliletwa hapo kusomeshwa maungamo mbele ya watu. Mwezi Mei mwaka huo Samora aliondoka kuelekea nyumbani, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Bendera yake, tangu 1983, imechorwa jembe na kitabu, na juu yao bunduki yenye singe.