Orpheus na Nyimbo za Misafara

Yako maswali ya watoto ambayo mwalimu hawezi kuyajibu papo hapo. Moja tuliulizwa hapa Lusu, upande wa Nzega, siku tuliposimulia darasani hadithi ya Orpheus, mwimbaji wa Wayunani wa kale.

Orpheus alipopiga kinubi, hata wanyama wa mwitu walitulia. Mkewe, Eurydice, aliumwa na nyoka akafa. Orpheus akashuka kuzimu kumtafuta, akaimba hata mfalme wa wafu akalainika moyo, akamrudishia mkewe kwa sharti moja: amtangulie njiani, wala asigeuke nyuma mpaka wote wawili watoke mwangani. Walipokaribia kutoka, mapenzi na hofu vikamshinda, akageuka. Eurydice akatoweka mara ya pili.

Sharti hilo halikuwashangaza watoto, maana hata ngano za kwao zimejaa miko. Waliuliza neno jingine: wimbo ule aliouimba kuzimu ulikuwaje?

Hakuna aujuaye, na kwa sababu hiyo kila kizazi kimemtungia wake. Washairi wa Kirumi, Vergil na Ovid, waliiandika hadithi hii kwa Kilatini yapata miaka 2,000 iliyopita. Wakristo wa kwanza wa Roma hawakuitupa, ijapokuwa ilitoka kwa wapagani. Walimchora Orpheus katika makaburi yao ya chini ya ardhi, awe mfano wa Kristo. Mwaka 1607, mjini Mantua, Monteverdi aliitungia muziki, ikawa mchezo wa kuimbwa. Na mwaka 1762, mjini Vienna, Gluck aliitungia tena, akamfufua Eurydice mwishoni. Mwaka 1959 ilitoka filamu iliyomfanya Orpheus kuwa mtu mweusi wa Rio de Janeiro, katika siku za sherehe na ngoma.

Afrika nayo ilipata sehemu yake. Mwaka 1948 Senghor wa Senegal alikusanya mashairi ya watu weusi, na Mfaransa Sartre akayaandikia dibaji aliyoiita Orpheus Mweusi, kwa kuwa aliona washairi hao wanashuka ndani ya nafsi zao kuitafuta roho yao, kama Orpheus alivyomtafuta mkewe. Mwaka 1957 jarida la fasihi lenye jina hilo lilianzishwa Ibadan, Nigeria.

Basi na sisi wa njia ya misafara tujiulize swali lile lile la watoto. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu toka bara hata pwani, mwendo wa miezi. Kirangozi alitangulia mbele akianzisha wimbo, na waliofuata wakaitikia chini ya mizigo yao. Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857, aliandika habari za uimbaji huo. Lakini wageni waliandika maneno machache tu, na sauti zake hazikuwezekana kuandikwa kwa namna walivyozisikia. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikaanza kupotea. Waliochukua mizigo ile wamekwisha kufa wote. Bila shaka wengi wao walikuwa na wake waliowaacha nyumbani, nao hawakukosa kuwaimbia. Nyimbo hizo zilikuwaje?

Kama ziko zilizosalia, zimo vinywani mwa wajukuu wao, katika mavuno, harusi na ngoma. Wako walimu wanaozidharau, wakidhani ni mambo ya ujinga. Tungewaomba wakumbuke kuta za makaburi ya Roma. Mwalimu awe na daftari. Awaendee wazee wa kijiji chake, aandike maneno yao kwa Kinyamwezi kama yalivyo, pamoja na jina la mwimbaji na mahali. Orpheus alimpoteza mkewe kwa kutazama nyuma. Nyimbo hizi sisi tutazipoteza tusipotazama.