Matendo Mema na Wokovu: Ugomvi wa Major na Amsdorf, 1552–1577

Swali la kama mtu aweza kuokolewa kwa kumkiri Kristo kwa kinywa, huku akikataa kumfuata katika maisha yake, si geni katika sharika zetu. Huulizwa katika darasa la kipaimara, huulizwa na wazee wa kanisa wanapojadili nani arudishwe kundini, na huulizwa kwa uchungu zaidi kando ya kaburi, mchungaji anapotafuta neno la kusema juu ya mtu aliyebatizwa, akapata kipaimara, kisha asionekane tena kanisani kwa miaka 30. Wanafunzi wakipewa swali hili hukimbilia upesi kumpambanisha Paulo na Yakobo; wengine humtaja Dietrich Bonhoeffer na kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya ufuasi. Hayo ni mema. Lakini Walutheri waligombana wao kwa wao juu ya jambo hili hili karibu miaka 400 kabla ya Bonhoeffer, wakalitolea uamuzi, na uamuzi huo umo katika Kitabu cha Mapatano, ambamo maungamo ya Kilutheri yamekusanywa. Naona kwamba wengi wetu tunakumbuka nusu yake tu.

Mbegu ya ugomvi ilipandwa Luther akiwa angali hai. Wakaguzi waliozitembelea sharika za Saksonia tangu mwaka 1527 waliwakuta wakulima waliofurahi kufunguliwa katika desturi za zamani, lakini wasiojua Sala ya Bwana wala Amri Kumi. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ilizaliwa katika huzuni ya ziara hizo, jambo ambalo hatuwaambii watoto wetu wa kipaimara. Melanchthon aliwaagiza wahubiri wahubiri sheria ili watu watubu. Johann Agricola wa Eisleben akapinga: toba, alisema, huzaliwa na Injili, wala sheria haina nafasi katika kazi hiyo. Walipatanishwa huko Torgau, lakini mwaka 1537 mambo yakalipuka tena Wittenberg, Luther akafanya midahalo dhidi yake, na mwaka 1540 Agricola akakimbilia Berlin.

Luther alifariki Februari 1546. Kabla ya mwaka kwisha vita vilikuwa vimeanza, na Aprili 1547 jeshi la Kaisari Karl wa Tano likamteka Johann Friedrich, mtawala wa Saksonia, huko Mühlberg. Mwaka uliofuata Kaisari akatoa agizo la muda lililorudisha sehemu kubwa ya mafundisho na ibada za Kirumi, na mmoja wa waliolitunga alikuwa Agricola yule yule! Historia nayo ina mizaha yake. Wanatheolojia wa Wittenberg, wakiongozwa na Melanchthon, walishiriki kutunga andiko lililo laini zaidi, lililotolewa Leipzig Desemba 1548, kwa tumaini la kuokoa mimbari zao. Ndani yake yalikuwamo maneno kwamba imani, upendo, tumaini na fadhila nyingine hazina budi kuwamo ndani yetu, nazo ni za lazima kwa wokovu. Wakati huo Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa Luther aliyewekwa naye kuwa askofu wa Naumburg mwaka 1542, alikuwa mkimbizi Magdeburg, mji uliokataa agizo hilo na kuzingirwa na majeshi. Msomaji asipokumbuka mzingiro huo hataelewa kwa nini maneno mawili, “kwa wokovu”, yaliwasha moto mkubwa kiasi hicho.

Georg Major, profesa wa Wittenberg, alikuwa miongoni mwa walioshiriki mashauri ya Leipzig. Amsdorf alipomshambulia, Major alijibu mwaka 1552 kwa kusema waziwazi kwamba matendo mema ni ya lazima kwa wokovu, kwamba hakuna aliyepata kuokolewa kwa matendo mabaya, na kwamba hakuna aliyepata kuokolewa pasipo matendo mema. Tusimwonee. Hakufundisha kwamba matendo yanastahilisha. Alishika kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani peke yake. Ila alisema kwamba aliyekwisha kuupokea wokovu hana budi kuwa na matendo mema ili asiupoteze. Aliwatazama watu walioifanya imani kuwa kauli ya midomo, akaogopa. Mchungaji gani hajaogopa vivyo hivyo?

Wapinzani wake nao walikuwa na wachungwa wao machoni. Wakauliza: mtu akiwa kitandani pa kufa, amemgeukia Kristo saa ile ile, mikono yake imekwisha nguvu, utamwambia nini? Je, mnyang'anyi msalabani? Je, mtoto mchanga aliyebatizwa jana? Na yule mwenye dhamiri nyepesi, ambaye kila jioni hupima matendo yake na kuyaona pungufu, atajuaje kwamba kiasi alicho nacho kinatosha kuushika wokovu? Hoja hii sijaona ikijibiwa na mtu yeyote wa upande wa Major. Kwa Mwinjilisti wa karne ya 16 aliyetoka katika hofu ya toharani, neno “lazima kwa wokovu” halikusikika kama mwito wa ufuasi. Lilisikika kama deni. Hesabu wa Mansfeld alimwondoa Major katika usimamizi wa makanisa ya Eisleben, naye miaka ya baadaye akaahidi kuyaacha maneno hayo kwa sababu ya kueleweka vibaya.

Ushindi humharibu mshindi. Mwaka 1559 Amsdorf, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alitoa kijitabu akitetea kwamba matendo mema yana madhara kwa wokovu, na kwamba ndivyo walivyofundisha Paulo na Luther. Alikuwa akiifikiria sura ya tatu ya Wafilipi, ambapo Paulo anayahesabu mambo yaliyokuwa faida kwake kuwa hasara. Lakini usharika hausikii tafsiri iliyo kichwani mwa mhubiri. Husikia maneno yake. Mkulima anayeambiwa na askofu mstaafu kwamba matendo mema humdhuru anakwenda nyumbani akiwa amepewa ruhusa asiyopaswa kupewa.

Mwaka 1577 Jakob Andreae, Martin Chemnitz na wenzao walimaliza Kanuni ya Mapatano, na kifungu chake cha nne kinashughulika na ugomvi huu pasipo kuwataja wagomvi kwa majina. Kinakataa kusema kwamba matendo mema ni ya lazima kwa wokovu, na kinakataa pia kwamba matendo huushika wokovu. Kinakataa vilevile kusema kwamba yana madhara: kinachodhuru ni tumaini la uongo ambalo mtu huliweka juu yake. Kisha, na hapa ndipo nusu tunayoisahau, kinashika kwamba matendo mema ni ya lazima. Ni ya lazima kwa kuwa Mungu ameyaamuru, na kwa kuwa mti ulio hai huzaa. Si kwa kulazimishwa na mjeledi. Tena kinahukumu wazo la kwamba imani na Roho Mtakatifu huweza kukaa pamoja na kusudi la kuendelea katika dhambi. Aliyeamua moyoni kutomfuata Kristo hana imani iliyopungukiwa na utii. Hana imani.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema kwamba Mlutheri hawezi kumwonya mtu juu ya maisha yake bila kuigusa neema. Mchungaji anayekaa na mwenye dhamiri iliyopondeka akamtajia orodha ya mapungufu yake anarudia kosa la Major, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Na mzee wa kanisa anayegeuza kurudi kundini kuwa malipo ya siku kadhaa za aibu na bahasha ya sadaka amekwenda mbali kuliko Major mwenyewe. Kwa upande wa pili, anayesimama kaburini na kukitumia cheti cha kipaimara kama ushahidi wa wokovu amemtumikia Amsdorf wa mwaka 1559.

Jambo moja katika maandiko hayo lastahili kuangaliwa na wanaojiandaa kubarikiwa. Luther mwenyewe, katika Vifungu vya Schmalkalden vya mwaka 1537, alifundisha kwamba Daudi alipoanguka katika uzinzi na mauaji, imani na Roho vilikuwa vimemtoka. Neno hilo hakuliweka chini ya kifungu cha kuhesabiwa haki, wala hakulitumia kupima nani kaokoka. Aliliweka chini ya toba, mahali ambapo Nathani bado yuko njiani kwenda kwa mfalme.