Wagumu wa Kibo

Apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huufikia ukingo wa Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima huo, mahali paitwapo Gillman's Point, mara nyingi kunapopambazuka, baada ya kuhangaika na changarawe usiku kucha. Aliyekuja kwa njia ya Machame hutokea Stella Point. Hapo jua humkuta likichomozea nyuma ya Mawenzi, kilele cha jirani, na wapo wengi ambao nguvu huwaishia papo hapo wakapewa cheti cha kijani. Cheti cha dhahabu ni cha yule anayezidi kuuzunguka ukingo mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Clement Gillman alikuwa mhandisi wa reli ya Tanganyika, naye aliufikia ukingo huo mwaka 1921. Stella alikuwa mke wa Kingsley Latham, mpanda milima kutoka Afrika Kusini. Walifika pamoja mwaka 1925. Kreta iliyo ndani ya Kibo ina jina la Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyeupanda mlima huo mara nyingi, na ambaye mwaka 1926 aliuona mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo, chui yule yule ambaye miaka kumi baadaye mwandishi Ernest Hemingway alimtaja katika hadithi yake. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyepanda bila watu wa kumwongoza na kumbebea chakula, mablanketi na kuni. Watu hao hawakupewa mwamba wala kreta.

Habari ilianza hivyo tangu mwanzo. Mei 1848, Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kibo kwa mbali, alikuwa akisafiri na Bwana Kheri, kiongozi wa msafara aliyeijua njia ya kwenda Uchagani kabla ya Mzungu yeyote kuiandika. Rebmann alipoeleza kwamba karibu na ikweta pana theluji, wataalamu wa jiografia wa London walimbishia kwa miaka mingi.

Waliomfuata walikwama mmoja baada ya mwingine. Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walifika kama mita 4,300 mwaka 1862. Charles New aliigusa theluji mwaka 1871. Mwaka 1887 Count Teleki aliishia kama mita 5,300, na mwaka huo huo Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig aliyetoka katika familia ya wachapishaji wa vitabu, alizuiwa na ukuta wa barafu. Meyer alirudi mwaka 1888 akiwa na Oscar Baumann. Wakati huo pwani ilikuwa imewaka moto wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wasafiri hao wawili walikamatwa, wakafungwa minyororo, na wakaachiwa baada ya fidia kulipwa.

Safari ya tatu, ya mwaka 1889, ndiyo iliyofanikiwa, na sababu yake inafaa kutazamwa kwa makini. Ni kweli kwamba Meyer alimchukua Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyekuwa bingwa wa kupanda Milima ya Alps, na kwamba kwenye barafu walipita kwa kuchonga hatua moja moja kwa shoka. Lakini barafu haikuwa adui pekee wa safari zilizotangulia. Chakula kilikuwa kikiisha, wapagazi wasio na nguo nzito wakizidiwa na baridi, na mgeni akilazimika kushuka siku ile hasa ambayo mwili wake ulikuwa umeanza kuzoea hewa nyepesi. Safari hii Meyer aliweka kambi kuu Marangu kwa Mangi Marealle, mtawala wa huko, akaweka nyingine juu zaidi, kisha kambi ndogo kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula kutoka kwenye vihamba vya Marangu, wakashuka, wakapanda tena. Kule juu alibaki mtu mmoja pamoja na Wazungu hao wawili: Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani, aliyepika na kulinda hema kwa zaidi ya wiki mbili katika baridi ambayo kwao haijapata kuonekana.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller waliufikia ukingo wakiwa hoi, wakaona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbali. Walishuka. Walikuwa na chakula cha kurudia na mahali pa kulala, kwa hiyo waliweza kujaribu tena, na tarehe 6 Oktoba walisimama juu ya kilele. Meyer alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm, akachukua jiwe la kumpelekea Kaisari huyo Ujerumani. Miaka ishirini ilipita kabla ya mwingine kukifikia.

Marangu ina simulizi yake ya siku hizo. Inasema kijana Yohani Kinyala Lauwo alikuwa ameitwa barazani kwa Mangi kwa kosa la kukwepa kazi ya barabara, mgeni alipotokea akiomba watu wanaoujua msitu. Lauwo akateuliwa kuwa kiongozi. Mwaka 1989, Tanzania ilipoadhimisha miaka mia moja ya safari ile, mzee Lauwo alikuwa bado hai, akaheshimiwa mbele ya taifa na kupewa nyumba. Alifariki mwaka 1996, ikisemwa kwamba umri wake ulipita miaka 120. Wanahistoria huuliza, na wana haki ya kuuliza, mbona jina lake halimo katika kitabu cha Meyer. Lakini kitabu hicho kiliwaacha bila majina karibu wote waliopanda na kushuka na mizigo, na mwandishi akinyamaza haina maana kwamba mtu hakuwepo. Marangu ilichagua kumkumbuka mmoja wao kwa jina lake na la ukoo wake, na ilifanya vyema.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga vibanda viwili njiani, wakaviita Bismarck na Peters. Klabu ya wapanda mlima ilianzishwa mwaka 1929, na kibanda cha Kibo kikajengwa mwaka 1932. Hapo upagazi wa mlimani ukawa kazi ya msimu hadi msimu: hoteli za Marangu zilitafuta wageni, na vijana wa vijiji vya jirani walijifunza njia kwa kuwafuata baba na wajomba zao.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na kuwasha mwenge kileleni, na kilele kikawa Uhuru. Kibanda cha Bismarck kikaitwa Mandara, na cha Peters kikaitwa Horombo, yote majina ya watawala wa Kichaga. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wapagazi wa mlima huitwa wagumu, na kazi yenyewe inalingana na jina. Mgeni mmoja huhitaji watu kadhaa: kiongozi, mpishi, na wagumu wa kubeba hema, gesi, vyakula, mara nyingine hata meza na viti. Mgumu hutoka kambini baada ya mgeni, humpita njiani, na hufika kabla yake ili hema liwe limesimama. Wapo waliokufa kwa baridi na kwa ugonjwa wa miinuko, wakiwa na viatu vilivyochoka na makoti mepesi. Siku hizi mizigo hupimwa kwenye mizani getini na kikomo ni kilo 20, na tangu mwaka 2003 kuna mradi wa kutetea haki za wapagazi unaofuatilia malipo, chakula na mahali wanapolala. Kampuni nyingi hufuata taratibu hizo, nyingine hazifuati, na kijana aliyekosa kazi nyingine huchukua ujira wowote anaopewa getini.

Mwaka 2019 serikali ilisema inatafakari kuweka magari yanayoning'inia kwenye nyaya upande wa Machame, ili wazee na wasio na muda wa siku nyingi nao wauone mlima. Viongozi na wagumu walipinga mara moja. Walieleza kwamba mgeni wa siku moja hahitaji mpishi, hahitaji hema wala mtu wa kulibeba, na kwamba ada za shule za watoto wa Marangu, Machame na Rombo hutoka kwenye mizigo hiyo.