Lugalo Ilipoitwa Colito

Kila mwaka Mei 19 hupita kimya nchini. Siku hiyo, mwaka 1941, askari wa Tanganyika walipigana vita vilivyoipa kambi ya Lugalo, Dar es Salaam, jina lake la zamani: Colito.

Colito iko kusini mwa Ethiopia, jirani na Mto Billate. Batalioni ya Sita ya KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, au Keya kama wazee walivyozoea kuita, ilikuwa ikiwafukuza Waitaliano. Kombania mbili zilikwisha kuvuka mto bila silaha nzito, mara vifaru vya adui vikachomoza vichakani.

Sajini Nigel Leakey, mlowezi mzaliwa wa Kenya, alikuwa amemaliza mabomu ya mzinga wake. Alirukia kifaru kilichokuja kwa nyuma, akafungua mfuniko kwa nguvu, akawamiminia waliokuwamo risasi za bastola. Alimwacha hai dereva tu, akamlazimisha kukipeleka kifaru mafichoni. Leakey akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, ukagoma. Basi akashuka, akavifuata vilivyobaki kwa miguu huku risasi zikinyesha, pamoja na sajini-meja Mwafrika. Viwili vikawapita. Akadandia cha tatu, akafungua mfuniko, akaua mmoja. Kifaru cha nne kikampiga risasi, akaanguka. Shambulio la adui likavunjika.

Novemba 1945, Gazeti la Serikali la London lilimtangazia Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Humo Leakey ametajwa kwa jina. Sajini-meja aliyekuwa ubavuni mwake ametajwa kwa cheo tu, na kwamba ni Mwafrika.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, batalioni hiyo ya Keya iliingia Tanganyika Rifles, jeshi la nchi huru. Maasi ya askari wa jeshi hilo ya Januari 20, 1964 yalianzia kambi ya Colito. Jeshi likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa. Kambi ikaitwa Lugalo, kwa jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Jina hilo linastahili. Lakini waliovuka Billate nao hawastahili kusahauliwa. Walipigana chini ya bendera ya mkoloni, ila walikuwa watoto wa nchi hii, na mkoloni aliyewatuma hakujali kuwataja. Nasi, baada ya miaka yote ya Uhuru, tumeendeleza kosa lake.

Msomaji wa Masakta, Basotu, Katesh au kwingineko: kama sandukuni kwenu kuna nishani au cheti cha babu aliyekuwa Keya, usikitupe wala usikiuze. Andika jina lake, namba yake na kikosi chake, uyapeleke Makumbusho ya Taifa.