Wanafunzi Waliotumwa kwa Wazee wa Maji Maji

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, pale Mlimani, Dar es Salaam, walipewa kazi isiyokuwa na majibu nyuma ya kitabu: waende kusini wawasikilize wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kisha waandike walichoambiwa. Njia ilikwisha kufunguliwa. Mwaka 1967 Gilbert Gwassa na John Iliffe walichapisha kijitabu kilichoweka nyaraka za wakoloni na masimulizi ya wenyeji pamoja.

Zilihitajika sauti hizo mpya. Gavana wa Kijerumani Götzen, aliyevizima vita hivyo, alikwisha kutoa kitabu chake mwaka 1909, na ndani yake waganga na dawa vilibeba lawama kubwa. Wazee wa Umatumbi hawakuikana dawa ya maji ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi. Ila walisimulia pia mashamba ya pamba ya lazima, viboko vya maakida, watumishi wa utawala wa Kijerumani, na ujira usiotosha chochote. Mwanafunzi alilazimika kujiuliza: nani anasema, alikuwa wapi, na ananufaika na nini?

Maswali hayo hayamhusu Götzen peke yake. Mzee wa 1968 alikuwa akizungumza miaka saba baada ya Uhuru, mbele ya kijana msomi, wakati taifa lilipokuwa likitafuta mashujaa wake. Kumbukumbu yake nayo ina nafasi yake na wakati wake. Hapo ndipo vitabu vya shule vilipoteleza, kwa kupenda mno habari ya makabila yaliyoungana dhidi ya Mjerumani. Waliungana wengi, ni kweli. Lakini Wahehe, waliopigana na Wajerumani kwa miaka chini ya mtawala wao Mkwawa, safari hii walikuwa upande wa Wajerumani. Mtahiniwa anayejibu “umoja” anapata alama zake, na Wahehe wanabaki nje ya jibu.

Mwalimu wa sekondari hahitaji maktaba kubwa ili kuirekebisha kasoro hiyo. Aanze na idadi ya waliokufa, maana nayo hutegemea nani anasema. Takwimu rasmi za Wajerumani zilitaja Waafrika 75,000. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata mashamba na maghala kuchomwa. Aziandike zote mbili ubaoni, awaulize wanafunzi kila upande ulihesabu nini, kisha awaache wabishane mpaka kengele igongwe.