Shukrani ya Punda

Kazi ya kutunga programu za kompyuta ina kichekesho chake: ukiikamilisha vizuri, utaambiwa hukufanya lolote.

Katika miaka ya 1960 kadi za kutobolewa zilikuwa na safu 80 tu, na nafasi ndani ya mashine ilikuwa ghali. Watunga programu wakauandika mwaka kwa tarakimu mbili: 1965 ikawa 65. Walidhani programu hizo zitastaafu kabla yao. Kumbe wao ndio waliostaafu, programu zikabaki kazini. Mwaka 2000 ulipokaribia, wazee waliojua lugha ya COBOL, iliyobuniwa 1959, wakaitwa tena, wapitie mstari kwa mstari ili mashine isidhani 00 ni 1900.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2000 ukapita salama. Watu wakalalamika: tumedanganywa, mabilioni ya dola yametupwa bure!

Lakini palipobaki kasoro palionekana. Kituo cha wanamaji cha Marekani kinachotunza saa rasmi kilionyesha kwenye intaneti mwaka 19100. Hilo la kuchekesha. Huko Sheffield, Uingereza, kompyuta ilikosea umri wa wajawazito, na 154 kati yao wakapewa majibu ya vipimo yasiyo sahihi. Hapo hapana kicheko.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, sikumwona mkaguzi aliyeandika katika taarifa yake kwamba bweni halikuungua. Kwa hiyo nikiona jambo linakwenda shwari, huuliza kwanza ni nani aliyekesha.