Kufa na kuzikana: Wahamiaji wa Kiyahudi walivyobebana New York kabla ya bima

Ukitaja Wayahudi wa New York, wengi wanawaza mabenki na maduka ya almasi. Sasa rudi nyuma mpaka miaka ya 1890, mtaa wa Lower East Side. Hapo ni uswazi haswa. Familia nzima imebanana vyumba viwili, mchana chumba ni cha cherehani, usiku ni cha kulala, na kona moja kapangishwa mtu baki ili kodi itimie.

Kati ya 1881 na 1924 Wayahudi zaidi ya milioni 2 kutoka Ulaya Mashariki waliingia Marekani. Walikuwa wanakimbia njaa, na wengine wanakimbia kupigwa na kuchomewa nyumba ndani ya himaya ya Urusi. Wengi walifika mikono mitupu. Bima ya afya hakuna, mafao hakuna. Ukiumwa wiki moja, na hela ya wiki imekwenda.

Na ukifa? Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Jiji lina kisiwa kinaitwa Hart Island, na tangu 1869 linazika huko watu wasio na wa kuwazika. Majeneza ya mbao yanapangwa moja juu ya lingine kwenye mtaro mmoja, imeisha hiyo. Kwa mtu aliyekulia kwenye dini inayotaka maiti aoshwe, avishwe sanda nyeupe na alazwe mapema kati ya watu wake, kisiwa kile kilikuwa jinamizi.

Ndiyo maana vijana wa miaka ishirini na kitu, wazima kabisa, walikuwa wanalipia kaburi.

Vyama vyao viliitwa landsmanshaft, yaani umoja wa watu waliotoka mji mmoja kule Ulaya. Kama mnatoka Bialystok, mnajuana, basi mnaunda chama. Kila mwanachama anatoa senti kidogo kidogo. Akiumwa analipwa posho ya wiki. Akifiwa, dini inamtaka akae ndani siku saba kuomboleza, na chama kinamfidia zile siku ambazo hakwenda kazini. Hilo la mwisho lilikuwa la akili sana, maana bosi wa kiwanda hana habari na msiba wako.

Usidhani palikuwa na kudekezana. Kulikuwa na kamati ya wagonjwa: wanakuja mpaka kitandani kukupa pole, na wakati huohuo wanahakikisha kweli unaumwa. Ukikosa mazishi ya mwenzako unaweza kupigwa faini. Daktari alilipwa na chama kiasi maalumu kwa mwaka kwa kila mwanachama, kwa hiyo anapanda ngazi za maghorofa kutwa nzima, na watu wanalalamika anaandika dawa mbiombio. Na vingi vilikuwa vya wanaume. Mke aliingia kwa mgongo wa mume, ndipo akina mama wengine wakaanzisha vya kwao.

Wazo halikuanza na hawa. Mwaka 1843, Wayahudi 12 waliotoka Ujerumani walianzisha B'nai B'rith hapohapo New York, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusaidia wajane. Mwaka 1892 likaja Hebrew Free Loan Society, lilianza na dola 95 tu. Linakukopesha dola chache ununue mashine au mzigo wa kuuza, riba sifuri, na lilikopesha hata wasio Wayahudi. Mpaka leo lipo.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoisha, vyama vilituma wajumbe Poland wakiwa na hela na barua mkononi, kila mmoja akienda mji wake kugawa kwa ndugu waliobaki. Utafiti uliofanyika New York miaka ya 1930 ulikuta vyama hivi vinafika elfu kadhaa.

Kisha sheria ya 1924 ilikuwa imeshafunga mlango wa wahamiaji, na baadaye Wanazi wakaingia kwenye miji ileile, na kuanzia 1941 wakaua karibu Wayahudi wote. Fikiria chama chenye jina la mji, kina katibu, mweka hazina na daftari la michango, halafu mji wenyewe hauna tena mtu wa kumwandikia barua. Wanachama waliobaki wakaanza kuandika vitabu vya kumbukumbu: nani aliishi nyumba ipi, nani alikuwa mwokaji, nani alifundisha watoto. Wakaorodhesha majina ya waliouawa bila hata kaburi.

Watoto wao, waliozaliwa Marekani, wengi hawakujiunga. Walishakuwa na bima za kazini. Ila kwenye makaburi ya Queens mageti na nguzo za mawe bado zimesimama, zimechongwa majina ya miji na ya viongozi wa chama. Ndani wamelala washona nguo na wachuuzi wa mikokoteni, jirani na jirani kama walivyokuwa kwao, na sehemu nyingine viwanja vilivyolipiwa senti kwa senti bado viko wazi.